Kutoa rangi ya kopo ya zamani kwenye vipuri vya gari kabla hujapiga nyingine

Kama kopo jipya la rangi unalo mkononi na bampa limelala hapo chini na unataka kupuliza leo leo, ngoja kidogo. Rangi mpya inashika kwenye chochote ilichokikuta juu ya kipuri, sasa kama ilichokikuta ni rangi ya kopo ambayo mtu aliipuliza zamani juu ya vumbi na polishi bila hata kupitisha msasa, basi na hiyo yako nzuri itabanduka pamoja nayo, tena vipande vikubwa kama nyoka anajivua gamba. Mimi kilinikuta kwenye vifuniko vya saidi mira, nilipiga vizuri kabisa, praima (koti la chini la kushikisha rangi), rangi koti 3, klia juu (lile koti la mwisho lisilo na rangi), vikang'aa, halafu nimeosha gari mara ya pili tu maji ya presha yakanyanyua kona moja, nikavuta kwa kucha ikaja yote mpaka plastiki nyeusi. Ukiangalia mgongo wa kile kipande unaona tabaka zangu zimeshikana zenyewe kwa zenyewe safi kabisa, tatizo lilikuwa ile ya chini ambayo niliiacha kwa sababu kwa macho ilionekana nzima.

Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote jua mambo mawili, chini kuna nini (chuma, alumini au plastiki) na juu kuna rangi ya namna gani. Ukishayajua hayo njia inajichagua yenyewe. Watu wengi wanaharibu vipuri kwa sababu wanaanzia kwenye dawa, mtu kasikia asetoni inatoa rangi anaimwaga kwenye grili ya plastiki, dakika mbili baadaye grili yenyewe imelainika na inanata kama gundi.

Kujua kipuri ni cha nini

Chukua sumaku ndogo. Ikishika ni chuma, isiposhika na ukigonga kinalia na ukikishika ni baridi hiyo ni alumini, rimu nyingi za kisasa zipo hivyo. Plastiki geuza nyuma utafute herufi zilizochongwa katikati ya alama mbili kama mishale, utakuta >PP+EPDM< kwenye bampa nyingi, >ABS< kwenye grili nyingi na vifuniko vya saidi mira, na >PC< kwenye vioo vya taa za mbele. Hizo herufi ni za maana sana maana ABS na PC zinaliwa na asetoni na thina, PC ndio mbaya zaidi inapasuka nyufa ndogo ndogo ndani kwa ndani na hazitoki tena. PP inavumilia thina vizuri lakini ina ugomvi wake mwingine nitausema huko mbele. Ukikosa herufi kabisa chukulia ni ABS, utakuwa salama.

Kujua rangi

Kwenye chuma au alumini chukua kitambaa cheupe, kilowanishe kwa thina ile kali ya rangi za magari, kiweke juu ya sehemu iliyojificha kama sekunde 30 halafu sugua. Rangi ikihamia kwenye kitambaa hiyo ni ya akriliki au laka, makopo mengi yako hivyo, na una bahati kwa sababu thina peke yake itaitoa. Ikivimba na kukunjamana bila kuyeyuka, hiyo ni enameli. Isipofanya chochote basi ilichanganywa na hadina (dawa ya kugandisha rangi), au ni ya kiwandani iliyookwa, au ni ya unga ule unaochomwa kwenye oveni, na hapo thina sahau, utaenda kwa msasa au rimuva, yaani dawa ya dukani ya kutolea rangi.

Hiyo enameli ndio inawaliza watu. Inakauka polepole kwa kushika oksijeni ya hewani, juu inafanya ngozi wakati katikati bado laini, sasa ukipuliza rangi mpya yenye thina kali ile thina inapenya, enameli inavimba, inakosa pa kwenda, inakunjamana mbele ya macho yako kama maziwa yaliyoganda juu. Ndio maana makopo mengi ya enameli yameandikwa urudie koti ndani ya saa 1 au usubiri mpaka zipite saa 48, katikati ya hapo ni kujitafutia balaa. Soma kopo lako lakini, kila moja lina muda wake.

Sasa kuna kitu ambacho naona kinarukwa sana, nacho ni kwamba si lazima uitoe yote. Fanya hivi, chukua wembe chora mistari 6 ikiachana milimita 2, halafu mingine 6 inayoikata hiyo, upate viboksi vidogo vidogo, bandika juu yake tepu inayoshika kweli kweli, ikandamize kwa kidole, ivute kwa nguvu mara moja. Viboksi vikibaki vyote na thina haikuikunja, rangi hiyo imeshika, itie msasa iwe laini upige mpya juu, kuitoa mpaka chini ni kujipa kazi na kujitafutia kutu bure. Viboksi viking'oka hata viwili vitatu, toa yote. Fanya sehemu tatu tofauti, hasa kwenye kona na kwenye mikunjo, maana mtu akipuliza bila kuandaa ni pale kwenye kona ndipo alipokuwa mvivu.

Na kama chini ya rangi ya kopo kuna rangi ya kiwandani iliyo nzima, ukifika hapo simama. Ile iliokwa, ina koti la chini linalozuia kutu, huwezi kuirudisha tena ukishaitoa. Tabaka zake zote kwa pamoja ni kama sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo tu, kwa hiyo msasa mkali unaimaliza kabla hujashtuka. Kama kipimo chako kimeonyesha rangi ya kopo inayeyuka, lowanisha kitambaa kwa thina futa mara moja geuza kitambaa futa tena, usikiache kimelala pale. Ya kopo itatoka, ya kiwandani itabaki, labda ififie kidogo.

Kabla hujafungua chupa yoyote

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa thina hata kidogo, unahitaji ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na kwenye msasa unahitaji kichujio cha vumbi. Fanyia kazi nje au mlango uwe wazi kabisa. Glavu nyembamba za bluu asetoni inazipenya ndani ya dakika chache, kwa rimuva tafuta zile nene za kemikali, na miwani inayofunga pembeni maana rimuva ikirukia jicho hakuna mchezo, maji mengi ya bomba dakika 15 na hospitali.

Rimuva za zamani zilikuwa na diklorometheni, zinafanya kazi haraka sana lakini mvuke wake ukiingia mwilini unageuka kuwa kaboni monoksaidi, watu wamefia kwenye vyumba vilivyofungwa wakitumia hiyo kitu, na Marekani waliipiga marufuku kuuzwa kwa mtu wa kawaida mwaka 2019. Ukikuta kopo la zamani limeandikwa hivyo liache. Za siku hizi nyingi zina alkoholi ya benzili, ni za polepole, unaweza kusubiri saa nzima au zaidi, lakini unarudi nyumbani mzima.

Moto mbali, sigara mbali, swichi za umeme usiwashe na kuzima ukiwa na ndoo ya thina wazi. Vitambaa vilivyolowa usivikunje ukavirundika kwenye kona, vitandaze nje vikauke. Na kama gari ni la zamani sana, miaka ya 70 kurudi nyuma, rangi ya chini inaweza kuwa na madini ya risasi, hapo usipige msasa mkavu wala usichome, tumia rimuva au msasa wa maji tu na ukusanye uchafu wote.

Vipuri vya chuma

Osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Hii hatua inaonekana ya kitoto lakini ukipitisha msasa juu ya grisi na polishi unaisukuma ile grisi iingie kwenye mikwaruzo, baadaye rangi mpya inatoka matundu madogo ya mviringo, yale tunaita macho ya samaki, na huwezi kujua yametoka wapi.

Rangi ikiwa ya kuyeyuka, tandaza vitambaa vilivyolowa thina juu ya kipuri, funika na nailoni, dakika 10 mpaka 15, fungua ukisugua kutoka pembeni kwenda katikati. Bila nailoni thina inapaa yote unabaki unasugua kitambaa kikavu. Ikiwa ngumu, pitisha msasa namba 80 kwanza kuikwaruza ile sura ya juu ili rimuva ipate pa kuingilia, paka rimuva nene kwa brashi, upande mmoja tu, usirudi rudi nayo, funika nailoni, iache mpaka uone imenyanyuka kama malengelenge, kwangua kwa kikwaruo cha plastiki. Mara nyingi inataka raundi mbili, usilazimishe raundi ya kwanza kwa kutumia bisibisi.

Ila kuna sehemu rimuva isifike kabisa, nazo ni mikunjo na viungo ambavyo bati mbili zimepandana, kama ukingo wa boneti na milango. Ikiingia mle haitoki, inakaa kimya, ukishapiga rangi yako wiki ya pili inaanza kuchuruzika kidogo kidogo na kuinyanyua rangi kutokea kwenye ukingo. Ziba hizo sehemu kwa tepu mbili tatu za karatasi, na sentimita 2 au 3 za mwisho malizia kwa msasa wa mkono.

Grenda na brashi ya waya watu wanaipenda kwa sababu inakimbia. Mimi naitumia kwenye vitu vinene tu, mabano, mikono ya saspensheni, vitu kama hivyo. Kwenye bati la boneti au mlango joto linalipinda na likishapinda utakuja kujaza puti bure. Halafu nyaya zake zinachomoka na kuruka, nimewahi kuchomoa moja kwenye shati. Na lingine, brashi ya waya inalipiga chuma polishi, kinang'aa vizuri lakini kimekuwa laini mno praima haina pa kushika, lazima umalizie kwa msasa 120 au 180. Ile diski nyeusi au ya zambarau yenye nyuzi za nailoni kama sponji ngumu ni bora zaidi, inakula rangi na kuacha chuma bila kukichimba sana.

Vipuri vidogo vya chuma tupu unaweza kuvichovya kwenye maji yenye kostiki soda usiku mzima na rangi ikatoka yenyewe. Ndoo iwe ya plastiki, na siku zote unatia soda kwenye maji kidogo kidogo huku ukikoroga, usimwage maji juu ya soda maana inachemka ghafla na kukurukia usoni. Kila kipuri kinachoingia humo pima na sumaku kwanza, hata kile una uhakika nacho.

Kupiga mchanga kwa presha kunafaa kwa vitu vinene, si kwa bati jembamba. Na usitumie mchanga wa kawaida, vumbi lake linaharibu mapafu moja kwa moja, halirudi nyuma hilo, kuna unga maalum wa kazi hiyo.

Alumini na rimu

Kostiki soda na alumini visikutane. Alumini inaliwa, inatoa povu na gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto, na kipuri kinatoka cheusi chenye mashimo. Kumbuka dawa nyingi za kusafishia oveni zina kostiki ndani yake, kwa hiyo ule ujanja wa kupulizia rimu dawa ya oveni uuache kabisa. Tumia thina, au rimuva ambayo kopo lake limeandikwa inafaa alumini.

Rimu itoe tairi kama unaweza, hapana basi ingiza kadi ngumu au tepu kati ya tairi na ukingo, rimuva na raba haviendani. Sehemu zenye pembe pembe kati ya mikono ya rimu tumia mswaki wa zamani na ile sponji ya kijivu ya kukwaruzia. Brashi ya waya ya chuma kwenye alumini sipendi, inachimba na inaacha vipande vya chuma vinavyokuja kupata kutu chini ya rangi, brashi ya nailoni inatosha. Tundu zinapokaa nati, na uso wa nyuma unaogusana na habu, zisafishe mpaka alumini tupu na ukija kupuliza uzizibe. Rangi ikikaa pale inabonyea gari likitembea, nati zinalegea, na hilo ni gurudumu kuchomoka barabarani. Hata ukiziba vizuri, kaza nati tena baada ya kutembea kilomita chache.

Kalipa za breki zenyewe (vile vibanio vya pedi) usizichovye kwenye kitu chochote, zina raba za vumbi na sili ndani. Brashi ya mkono na dawa ya kusafishia breki, funika diski na pedi. Na ile dawa ya breki yenye klorini ikibaki kwenye chuma halafu ukachomelea au ukapasha moto inatoa gesi ya fosjini ambayo inaua, kwa hiyo nunua isiyo na klorini.

Plastiki

Hapa subira ndio dawa. Anza na spiriti safi, ile alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kwenda juu, lowanisha kitambaa, funika na nailoni nusu saa, jaribu kukwangua kwa kadi ya plastiki. Rangi nyingi za kopo zinalainika na plastiki haijali, nimeona kazi nzuri sana kwa spiriti peke yake. Usitumie petroli, usitumie asetoni, na thina iwe ni kwenye PP tu, tena kwa kufuta, si kuloweka.

Kwa grili yenye vitundu vingi ambavyo kitambaa hakifiki, kuna njia ya mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, yanakula rangi, hilo kila aliyewahi kuyamwagia fenda anajua. Unachovya grili kwenye beseni, unaangalia kila saa, ukiona inang'oka unaitoa na kusugua kwa mswaki, ukiiacha siku nyingi ABS inaweza kuwa dhaifu. DOT 5 hapana, hiyo ni ya silikoni, rangi haiitoi na inakuachia silikoni ambayo itakupa macho ya samaki mpaka ukome. Baada ya hapo osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mara tatu nne, kabisa kabisa, tone likibaki kwenye kona litakula na rangi mpya.

Bampa la PP ndio lile nilisema lina ugomvi wake. PP haipendi rangi, ukiona bampa linabanduka maganda jua aliyepiga hakuweka praima ya plastiki. Ubaya huo unautumia kwako sasa, shika bomba la hewa ya kompresa ielekeze chini ya ganda moja na ukute linapeperuka kipande kizima, pasipotaka pasha kwa dryaya ya nywele, vuguvugu tu, inua kwa kadi. Yale mashine ya joto ya kuondolea rangi za mbao usiyalete hapa, ABS inaanza kulegea joto likifika kama la maji yanayochemka na kidogo tu juu yake.

Msasa kwenye PP anza na 320, ukianza na 80 inatoa manyoya na hayo manyoya utayaona yote chini ya rangi, ukiyafuata kwa msasa yanazidi. Kioo cha taa kilichorukiwa rangi tumia maji ya sabuni na udongo wa kusafishia magari, polepole, hakuna kemikali.

Ikishatoka

Osha kila kitu kwa maji mengi, hasa ulipotumia rimuva au kostiki, futa, weka juani au puliza hewa kwenye kila tundu mpaka uhakikishe hakuna maji yaliyojificha. Ulipobakiza rangi ya zamani, kingo zake zilaze kwa msasa, 180 halafu 320, upitishe vidole ukiwa umefumba macho, ukihisi ngazi yoyote basi na rangi itaionyesha. Chuma kilicho wazi kinaanza kutu siku hiyo hiyo, kwenye hewa ya unyevu ni saa chache tu, kwa hiyo usitoe rangi leo ukapanga praima wiki ijayo, toa unachoweza kupraimia leo. Chuma naweka praima ya epoksi, alumini ile praima ya asidi au epoksi iliyoandikwa inafaa alumini, PP lazima ile ya plastiki kwanza.

Dakika za mwisho futa kwa dawa ya kutoa grisi na vitambaa viwili, kimoja chenye dawa, cha pili kikavu kinafuata nyuma kabla haijapaa, maana ukitumia kimoja unahamisha tu grisi kutoka hapa kwenda pale. Kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu. Na kama kuna rangi ya zamani yoyote uliyoibakiza, koti la kwanza la praima liwe ukungu mwepesi tu, halafu simama dakika 10 ukiangalia kwenye ile mipaka ya zamani na chuma, ikianza kukunjamana acha kupuliza hapo hapo, iache ikauke mpaka kesho, itie msasa hiyo sehemu, kisha urudi na ukungu mwembamba zaidi.